Koo la Njiwa na Ngozi ya Kitunguu

Wahu alizipa rangi majina yeye mwenyewe, kwa sababu majina ya kiwandani hayakuuza kitu. Mteja wa Kakuma ukimtajia namba ya rangi anakutazama kama unamsomea mashtaka. Lakini mwambie hii ni maziwa ya ngamia, hii ni ini, hii ni mchanga wa Kalokol, uone kama mkono hautaanza kutafuta mfuko.

Basi zilipokuja zile mbili, kijivu mbili zilizopauka zenye zambarau ndani yake, moja aliiita Koo la Njiwa na nyingine Ngozi ya Kitunguu. Ndani ya duka, chini ya mabati, zilikuwa mapacha. Wahu mwenyewe, ili azitenganishe, ilibidi azitoe mlangoni na kukunja uso juani. Ya kwanza ilikuwa kijivu iliyomeza zambarau kidogo, vile shingo ya njiwa inavyogeuka akigeuka. Ya pili ilikuwa zambarau iliyofifia mpaka ikabisha hodi kwenye kijivu, kama lile ganda jembamba la kitunguu chekundu linalobaki limekunatia vidoleni.

Kitunguu alikijua. Kitunguu ndicho kilichomleta Turkana.

Alikuwa ameolewa Ol Kalou na mtu anayeitwa Ngugi, mwenye lori na mwenye ngumi. Siku ya mwisho ya ndoa hiyo, Ngugi alimng'oa jino mbele ya wapakiaji kwa sababu gunia moja la vitunguu lilikutwa limeoza. Wahu alitema jino, akaokota spana ya magurudumu, akamvunja mfupa wa bega kwa pigo moja, kisha akapanda mbele kwa dereva, ambaye alikuwa ameshika usukani kinywa wazi.

"Twende," akamwambia.

"Wapi, mama?"

"Hivi vitunguu vilikuwa vinaenda wapi?"

Vilikuwa vinaenda Lodwar. Akapanga chumba Nawoitorong, akauza gunia kwa gunia, akajifunza kusema *ejok*, salamu ya Kiturkana, na kunyamaza baada yake mpaka mwenzake ataje bei kwanza. Hakurudi Ol Kalou hata kuchukua nguo. Lodwar ilipojaa wauza vitunguu, akasogea Kakuma na kuanza biashara ya kuchaji simu kwa betri za lori, alizozipanga chini kando ya ukuta uliopakwa chokaa na buluu ile ya kufulia nguo. Siku moja wateja wawili walipigania simu hadi kuumana, betri moja ikapigwa teke, asidi ikaurukia ukuta. Buluu ikakimbia. Pale ilipoguswa ukuta ukabaki mweupe, na harufu ya yai viza ikatawanya watu kuliko vita vyenyewe. Wengine wakasema mahali hapo pana jambo. Wahu hakuwa na nafasi ya mambo. Alichukua unga wa buluu, akaudondoshea asidi, akanusa. Harufu ni ile ile. Basi, akajua. Kitu kikimfukuzia wateja lazima akijue kwa jina, hata kama hakina faida.

Stima ilipofika mjini, betri zikafa, naye akaingia kwenye rangi. Mashine ya kuchanganya hakuwa nayo, na hakuna aliyekuwa nayo njia nzima hadi Lodwar. Alikuwa na ndoo za rangi nyeupe, tyubu za rangi kali, fimbo ya kukorogea, na jicho. Kila rangi aliyoichanganya aliipaka kwenye kifuniko cha kopo, akakipigilia msumari ukutani, mteja aione ikiwa imekauka.

Ngozi ya Kitunguu aliichanganyia Cornelius.

Cornelius alikuwa mtu wa Kitale, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa anajenga lojing'i ya ghorofa kando ya barabara kuu. "Nataka rangi ya ndani," alisema, "ambayo mtu akilala Kakuma aamke adhani yuko Nairobi." Wiki hiyo lori la mizigo lilikuwa limekwama kwenye laga, mto wa msimu, iliyofurika, na tyubu za zambarau zilikuwa zimekwisha. Wahu hakumwambia mteja kwamba kitu hakipo. Akachukua nyekundu, akagusa nyeusi, akatia buluu ya nguo, akakoroga mpaka rangi ikatulia. Cornelius akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake.

"Hii usimuuzie mtu mwingine. Umesikia, Mama Rangi? Turkana yote, mimi tu."

"Hii ni yako peke yako."

Akaondoka nayo, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyekaa na Cornelius mahali bila kuambiwa juu ya hiyo rangi. Bado ilikuwa kwenye ndoo, stoo, ikingoja plasta ikauke, lakini mji mzima ulishaijua. Alitembea na kijiti kilichochovywa rangi hiyo, akiwaonyesha watu kama kitambulisho.

Baadaye akaja Sylviane, mke wa pasta wa kanisa moja la Warundi na Wakongo kule kambi ya wakimbizi. Alikuwa na Didace, fundi wao, mwanamume mrefu mwenye mabega ya kuinama na sauti ya chini. Sylviane akanyoosha kidole ukutani moja kwa moja kwenye Ngozi ya Kitunguu.

"Ile, Mama Wahu. Njo tunataka ile."

"Ile ina mwenyewe."

"Sasa utufanyie ndugu yake."

Tyubu za zambarau zilikuwa zimefika. Wahu akatia zambarau na nyeusi kwenye nyeupe, bila chembe ya buluu, akasogeza, akapunguza, mpaka vifuniko viwili vikaning'inia ukutani vikitazamana kama mtu na kioo. Ndugu huyo akamwita Koo la Njiwa. Ahadi aliyompa Cornelius ilikuwa ya ile rangi. Ndugu zake hawakutajwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na usingizi wake haukukatika.

Sasa ikaja ile Jumanne.

Kulipopambazuka, Ewoi, mlinzi wa lojing'i ya Cornelius, alikutwa amelala mlangoni pa stoo na kichwa kimepasuliwa kwa chuma. Bado alikuwa anapumua, lakini pumzi ilitoka na povu jekundu, na sikio moja lilikuwa limeshikilia kwa ngozi tu. Stoo ilikuwa wazi. Ndoo zote za rangi zilikuwa zimechukuliwa. Ewoi alikuwa mtu wa watu. Hakuna mwendesha pikipiki hapo mjini ambaye hajawahi kuazima sigara kwake. Walipomaliza kumpakia kwenye gari la hospitali, damu yake ikiwa bado mbichi mikononi mwao, mdogo wake Ekidor, ambaye naye alikuwa bodaboda, aliuliza swali moja tu.

"Nani ana hiyo rangi?"

Wahu alikuwa anamkatalia Msomali mmoja bei ya misumari Sally alipoingia mbio. Sally aliuza chai pale nje, na hakuwa mtu wa kukimbia.

"Wahu! Toka! Fundi wa kanisa wanammaliza hapo steji!"

"Fundi yupi?"

"Yule Mrundi mpole. Didace. Amekuja mjini kununua brashi, mikono yote imejaa rangi. Wanasema ni ya Cornelius. Wanasema ni yeye alimpasua Ewoi. Ekidor, mdogo wake Ewoi, ndiye anaongoza."

Wahu hakuuliza zaidi. Aling'oa vifuniko viwili ukutani, misumari ikaruka, akamwachia Msomali duka lote. "Chunga hapa," akamwambia. "Nikikuta kitu kimepotea nakujua hadi kwenu."

Steji ya bodaboda ilikuwa imejaa. Walikuwepo watu wa kila namna, wa mji na wa kambi, wenye viatu na wasio na viatu, na katikati yao Didace alikuwa amepiga magoti, shati limechanwa hadi kiunoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mtu alikuwa amemkanyaga mgongoni, mwingine anampiga kwa helmeti, taratibu, kama anayepigilia nguzo ya ua, na kila pigo lilitoa sauti tofauti kulingana na mahali lilipotua. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Kando, kijana mmoja alikuwa ameinamia tangi la pikipiki, ananyonya petroli kwa mpira na kuitema kwenye chupa ya soda.

Na kwenye mikono ya Didace, kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko, ilikuwepo: kijivu iliyopauka, na zambarau ndani yake.

"Ndiyo hiyo!" Cornelius alikuwa amesimama juu ya jiwe, kijiti chake mkononi. "Rangi yangu hiyo! Hakuna mtu mwingine ana hiyo rangi Turkana mzima! Muulizeni Mama Rangi!"

"Niulizeni," Wahu akasema, na akapita katikati yao kwa viwiko, vile alivyopita sokoni maisha yake yote. "Niko hapa. Si mniulize?"

Helmeti ikasimama hewani.

"Hii ndiyo ya Cornelius." Akainua kifuniko kimoja. "Na hii ni ya kanisa. Huyu fundi nilimuuzia mimi, kwa mkono wangu. Ni rangi mbili."

Watu wakatazama. Jua lilikuwa kali, la kupiga utosini, na Wahu alijua kwamba hapo nje tofauti ilionekana. Yeye aliiona. Ile ya Cornelius ilikuwa na joto, hii ya kanisa ilikuwa na baridi. Aliisogeza mbele ya nyuso zao, kushoto, kulia.

"Mathe," mmoja akasema, "unatuona sisi vipofu? Hiyo ni moja."

"Ni moja tu hiyo!"

"Anamtetea, ni mteja wake!"

"Ni mbili! Angalia vizuri, wewe, hii si imeingia wekundu?"

"Wekundu gani? Huo ni wa damu yake!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko helmeti, kwa sababu aliyekuwa amemkanyaga Didace alicheka pia na uzito wote ukashuka mgongoni. Didace akatoa sauti kama gunia likikaliwa.

Cornelius alikuwa ameshuka kwenye jiwe. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kifuniko cha pili.

"Uliniambia ni yangu peke yangu," akasema.

"Na ni yako."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni nyingine."

Akamzaba kofi. Lilikuwa kofi la mkono mzima, la mtu mnene, na Wahu akaona weupe, akaenda chini na goti moja. Damu ikajaa kwenye lile pengo la jino la Ngugi kana kwamba ilikuwa inalijua. Akatema. Vifuniko hakuviachilia. Kofi hilo lilimfundisha jambo alilopaswa kulijua tangu mwanzo: macho hayangemwokoa Didace. Macho ya watu wenye hasira yanaona rangi moja.

Kibandani kwa Lopeyok, fundi wa pikipiki, hatua chache kutoka hapo, palikuwa na chupa ya asidi ya betri. Wahu aliiona akiwa bado amepiga goti. Akainuka, akaichukua bila kuomba, akaweka vifuniko viwili chini kwenye vumbi.

"Msogee," akasema. "Na mlete pua, macho mnayo na hayawasaidii."

Akadondosha kwenye Ngozi ya Kitunguu. Povu likatoka, na chini ya povu zambarau ikaanza kufa, ikageuka waridi chafu kama kidonda kinachopona, na harufu ikapanda. Yai viza. Wale wa mbele wakarudi nyuma wakishika pua.

"Mama yangu! Nini hiyo!"

"Hiyo ni buluu ya nguo. Ya Cornelius niliitilia buluu, nilikuwa sina kitu kingine." Cornelius akageuka kama aliyechomwa, lakini Wahu hakuwa na nafasi yake. "Sasa hii ya kanisa." Akadondosha. Povu likatoka tena, lakini rangi ikabaki vile vile, kijivu yake imetulia, na hakuna harufu iliyotoka.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ya mtu asiyeonekana, na sauti za hivyo ndizo mbaya zaidi.

"Hizo ni vifuniko vyako. Tutajuaje huyo amepaka gani? Mwekee yeye!"

"Eeh! Mwekee yeye!"

"Tuweke kwenye shati lake," Wahu akasema upesi. "Limejaa rangi."

"Shati mtu anaazima! Mkono! Mkono hauazimwi!"

Wakaanza kuimba. Mkono, mkono. Yule wa petroli alikuwa amejaza chupa na amesimama nayo, kidole gumba mdomoni mwa chupa.

Hapo Wahu akafanya hesabu yake, na haikuwa nzuri. Rangi aliyoiuza kanisani ilipaswa kuwa imekwisha siku kadhaa zilizopita. Fundi akikosa rangi ukuta haujaisha, na mtu akamletea ndoo yenye rangi inayofanana kabisa na yake, kwa bei ya kutupa, fundi huyo atauliza imetoka wapi? Yeye Wahu angeuliza? Kama Didace alichovya brashi yake kwenye ndoo hiyo leo asubuhi, hata kwa kutojua, harufu itapanda kutoka kwenye mkono wake, na itakuwa ni Wahu aliyemuua, kwa chupa yake mwenyewe.

Akachuchumaa mbele yake. "Didace. Hiyo rangi umeitoa wapi?"

Jicho lake moja likamtafuta. Midomo ilikuwa imepasuka. "Ya kwako, mama. Ile ya kwako tu. Nilikuwa naongeza maji."

"Maji mengi?"

"Mingi. Sylviane alikuwa anagomba, lakini ukuta ni mukubwa."

Ukiitazama vizuri, kweli ilikuwa nyepesi. Au ilikuwa jasho. Wahu akasimama.

"Ekidor ni nani hapa?"

Kijana aliyeshika jiwe la ukubwa wa kichwa akasema, "Ni mimi." Damu ya kaka yake ilikuwa imemkaukia shingoni.

"Nikimwekea na isinuke, mnamwachilia."

"Tutaona."

"Hapana, hakuna tutaona. Mimi siuzi kitu cha tutaona. Isiponuka, huyu ni wangu, naondoka naye, na hakuna atakayemgusa. Ikinuka, mimi natoka hapa na sijaona kitu. Sema."

Ekidor akatazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia. "Sawa," akasema.

"Weka hilo jiwe chini, umshike mkono wewe mwenyewe. Pua itakayonusa ni yako. Isiwe ya Cornelius, wala ya huyo anayejificha huko nyuma."

Jiwe likaanguka. Ekidor akapiga goti, akaushika mkono wa Didace kwa nguvu ya mtu anayemshika mbuzi wa kuchinjwa. "Sally!" Wahu akaita bila kugeuka. "Lete mtungi wa maji. Wote." Kisha, kwa sababu mtu akiungojea uchungu huongezeka, akamwaga.

Didace alipiga kelele ambayo haikuwa na lugha. Mkono ulikuwa umechubuka kwa vipigo, na asidi ikaingia kwenye kila mchubuko ikitafuta nyama. Mwili wote ukaruka, watu watatu wakamkalia. Na juu ya rangi, povu likatoka.

"Inatoa povu! Kama ile! Ni ile ile!"

"Choma!"

"Povu si kitu!" Wahu alipaza sauti mpaka koo likakwaruza. "Zote zinatoa povu! Pua! Ekidor, nusa!"

Chupa ya petroli ilikuwa imeshainuliwa. Ekidor akainama, uso wake ukakaribia mkono ule unaochemka mpaka povu likamgusa mdomo wa juu, lakini hakujitoa. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Didace chini yake alikuwa anamwita mama yake kwa Kirundi.

"Hainuki," Ekidor akasema.

"Nini?"

"Nimesema hainuki! Ni jasho tu na damu!"

Wahu akampokonya Sally mtungi na kuumwagia mkono maji yote, na bado anamwaga, jiwe likatoka kule nyuma, kwa yule asiyeonekana, likampata Didace nyuma ya sikio. Ekidor aliinuka. Alikuwa na kifo cha mtu mikononi mwake tangu asubuhi na hakuwa na pa kukiweka. Alipita katikati ya watu, akamkuta aliyerusha, mtu mzima mwenye mkoba wa ofisini, akampiga ngumi za uso mpaka wakamvuta kwa miguu. Ndipo gari la polisi likafika, risasi zikafyatuliwa hewani, na watu wote wakawa ni wapita njia.

Didace alipelekwa hospitali kwa pikipiki ya Ekidor. Wahu alikaa nyuma akimshikilia asianguke katikati yao.

Ewoi hakufa. Aliamka amepoteza sikio moja na hakuwakumbuka waliompiga. Rangi ya Cornelius ilipatikana siku iliyofuata kwenye laga ya Tarach. Ilikuwa imemwagwa yote mchangani. Waliompasua Ewoi kichwa hawakutaka rangi. Walitaka ndoo, zile ndoo nzuri nyeupe zenye kifuniko na mkono wa chuma, za kuchotea maji. Nani hapa Kakuma hajawahi kuzitamani? Wakati mji mzima ulikuwa unatafuta mtu mwenye rangi, wezi walikuwa wameitupa kabla jua halijachomoza, na huenda walikuwa wamesimama steji mikono yao ikiwa safi.

Wahu alikwenda kuiona. Ilikuwa imekauka kwenye mchanga na kupasuka vipande vipande, pana kama sakafu ya chumba, na mbuzi walikuwa wameshaacha alama za kwato zao juu yake. Akakanyaga kipande, kikavunjika kama ganda. Ilikuwa kazi nzuri, ile. Akarudi dukani.

Cornelius alihamia kwa muuzaji mwingine, Lodwar, na kila alipokaa alisema Mama Rangi ni mwongo. Baadhi ya watu wakaacha kuja, wengine wakaanza kuja kwa sababu hiyo hiyo. Wahu alivipigilia vifuniko viwili pale pale ukutani, kile cha Ngozi ya Kitunguu kikiwa na doa la waridi chafu katikati, na akaendelea na mambo yake.

Didace alikuja mchana mmoja, duka likiwa tupu. Mkono ulikuwa umefunguliwa bendeji. Kuanzia kiwiko hadi kifundo ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, na mahali pengine rangi yake ilikuwa imekimbia kabisa.

"Karibu," Wahu akasema. "Kaa."

"Sikai. Naomba uteremushe zile mbili."

Akaziteremsha. Didace akazichukua, akatoka nazo nje juani, akazitazama muda mrefu kwa jicho lile zima na lile ambalo bado lilikuwa linatoa machozi. Akazigeuza, akazibadilisha mikono. Wahu alimngojea mlangoni.

"Mama Wahu," akasema mwishowe. "Ukiondoa lile doa, mimi naona moja."

"Si moja. Hiyo ya kulia ina wekundu, ukiiweka..."

"Mimi ni fundi. Nimepaka toka Bujumbura. Naona moja." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia bei. "Sasa niambie. Kama ile siku unanichanganyia, tyubu zingekuwa zimekwisha tu, ungetia nini?"

"Buluu."

"Na mimi ningekuwa wapi?"

Wahu alikuwa na jibu la kila mteja, na majibu mengi yalimjia hapo, mazuri, ya kumrudisha mtu nyumbani ametulia. Akayaacha.

"Ungekuwa umekufa," akasema.

Didace akaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei halali. Akamrudishia vifuniko.

"Ukuta wa nyuma ya madhabahu haujaisha. Naomba ndoo moja."

"Koo la Njiwa?"

"Nyeupe."

"Sylviane anajua? Ukuta mmoja mweupe, tatu za kijivu?"

"Nyeupe ni ya kila mtu. Hakuna atauliza umeitoa wapi."

Wahu akashusha ndoo, akaibandua kifuniko, na mkono wake mwingine, kwa mazoea ya miaka, ukaenda wenyewe kwenye rafu, ukashika tyubu. Didace akautangulia. Akaweka ule mkono uliokunjamana juu ya mdomo wa ndoo, vidole vimetandazwa, na akauacha hapo mpaka Wahu aliporudisha tyubu mahali pake.